Nafasi Niliyoiacha Wazi Kwenye Fomu ya Risasi

Swali lililoninyima usingizi mwaka niliokabidhiwa funguo za stoo ya silaha kambini lilikuwa fupi: kwa bunduki ya kaliba ya mbili-nne-tatu, swala pala apigwe na kichwa cha risasi cha uzito gani? Greni themanini, tisini au mia? Namba hizo zimeandikwa ubavuni mwa boksi, na mtu mwenye akili zake huchagua moja akaenda kula. Mimi nilikaa nazo wiki tatu.

Pale Miyuji, Dodoma mjini, ninapokaa na dada yangu wananitania kwamba nimestaafu. Nina miaka ishirini na nane na nilifanya kazi misimu mitatu. Mtu wa umri wangu haandiki kumbukumbu za kazini, nimeambiwa. Anaandika barua za maombi. Naandika zote mbili, moja asubuhi na nyingine mchana. Kumbukumbu naziandika kwa ajili yenu mliopangiwa stoo ile baada yangu, kwa sababu nimesikia mnasimuliwa kwamba Zaituni aliondoka kwa jeuri. Basi someni jeuri yenyewe ilivyokuwa, halafu mseme.

Siku yangu ya kwanza kambini nilifika na begi, vyeti vilivyofungwa kwenye plastiki, na viatu ambavyo havikuwa vya porini. Kambi mnaijua: mahema sita, jiko la makuti, na stoo ya matofali yenye mlango wa chuma, katikati ya vichaka ambavyo hata mbuzi hupita akijikunja. Aliyekuwa stoo ni Mzee Chilongani, Mgogo wa Chamwino, ambaye alikuwa ametunza bunduki tangu kabla sijazaliwa.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba. Umesomea nini, mwanangu?"

"Usimamizi wa wanyamapori."

"Na wanyamapori wenyewe wamearifiwa?"

Sikujua kama nicheke. Nikaanza kueleza mtaala wa mwaka wa pili. Alinisikiliza hadi mwisho kwa heshima kubwa, kisha akaniambia nifumbe macho ninyooshe mikono. Akaniwekea kichwa kimoja cha risasi kila kiganja, vitupu, bila ganda wala baruti.

"Kipi kizito?"

"Cha kulia."

"Vyote ni vya bunduki moja. Vyote vinaingia kwenye mtutu uleule. Huyu wa kushoto, mwepesi, ni wa mbweha na nyani wanaoharibu mashamba. Anakimbia sana, na akigusa tu anapasuka. Huyu wa kulia ni wa swala. Anabisha hodi, anaingia, anapita chumba hadi chumba mpaka uani. Ukimtuma wa kushoto kwa swala atavunja mlango na kufia kizingitini. Umenielewa?"

"Nimeelewa, Mzee."

"Usiandike."

Nilikuwa nimeshatoa daftari.

Kwa misimu miwili nilifanya kazi chini yake. Alinifundisha kusafisha mtutu kuanzia nyuma kwenda mbele, kwa ufito na kitambaa cha khanga kuukuu, kwa sababu khanga ikishafuliwa miaka kumi haiachi nyuzi. Alinifundisha kwamba ukibadilisha uzito wa risasi lazima upige shabaha upya, hata kama bunduki ni ileile na mpigaji ni yuleyule, maana risasi nyepesi na nzito hazitui mahali pamoja. Alinifundisha kutunza boksi la risasi mbali na kioo cha gari, kwa kuwa jua la Desemba kule si la mzaha. Hakuwahi kunieleza namna ya kujaza fomu za manunuzi. Alizijaza mwenyewe, kwa herufi kubwa, kwa nusu dakika, na kila mwaka alileta boksi za mia.

Kuna desturi moja ya kambi lazima niieleze, ingawa ninyi mtakuwa mmeikuta. Mnyama akipigwa na asipatikane hadi jua linazama, anaandikwa kwenye Daftari la Majeruhi: tarehe, aina, jina la mwindaji, na sababu. Tangu daftari lile lifunguliwe, safu ya sababu ina neno moja kurasa zote: mwindaji. Na kuanzia jioni hiyo, mwindaji aliyeandikwa haandaliwi nyama kambini. Wengine wanachoma mbavu, yeye anakula ugali kwa mlenda mpaka mnyama apatikane. Hakuna anayemkaripia. Anawekewa bakuli lake tu, na kila mtu anajua. Nimeona wanaume wakubwa, wenye madereva wao, wakivuta mlenda kimya kama watoto waliofukuzwa darasani.

Mwishoni mwa msimu wangu wa pili Mzee Chilongani alirudi Chamwino kufanyiwa upasuaji wa macho. Akaniachia funguo. Hakuniachia maneno yoyote ya kuagana, isipokuwa kwamba panya wanapenda kula kamba za bunduki.

Basi ndipo nikawa mtu wa kuagiza risasi. Mtu mwingine angeandika mia, kama Mzee. Mimi nilijiuliza: je, Mzee aliandika mia kwa sababu ni sahihi, au kwa sababu ya mazoea? Nikasoma. Themanini inakwenda kasi na haishuki sana njiani, kwa hiyo mpigaji asiyejua kukadiria umbali anasamehewa. Lakini vichakani kwetu ni nadra kupiga zaidi ya hatua mia na hamsini, kwa hiyo kasi hiyo ni ya nini? Mia inapenya zaidi. Lakini mpigaji akipiga nyuma kidogo, ikapita bila kukutana na mfupa, haitatoka upande wa pili ikiwa haijafunguka vya kutosha? Tisini basi, katikati. Lakini katikati ni uamuzi au ni woga? Nilichora jedwali. Nikachora jedwali la kulinganisha majedwali.

Fomu yenyewe ilikuwa na safu tatu: kaliba, idadi ya boksi, na maelezo. Nikaandika mbili-nne-tatu. Nikaandika kumi. Kwenye maelezo nikaacha wazi, nijaze kesho. Asubuhi dereva alikuwa anaondoka kwenda Dodoma na fomu zote za kambi. Akapiga honi mara mbili, nikampa bahasha nzima, na ile nafasi wazi ikaondoka nayo. Nililikumbuka jambo hilo saa nne baadaye, nikajiambia kwamba watu wa manunuzi watapiga simu kuuliza.

Hawakupiga. Pale kwetu nafasi iliyoachwa wazi maana yake ni "chochote". Muuzaji akaleta alizokuwa nazo nyingi: hamsini na tano, nyepesi kabisa, zenye picha ya mbweha kwenye boksi. Ndiyo, mbweha. Hata boksi lilikuwa linajua.

Nikaenda kwa meneja, Bwana Kisanga. Si mtu mbaya. Ana mambo mengi na anapenda yaishe.

"Bunduki ni mbili-nne-tatu?" akaniuliza.

"Ndiyo, lakini..."

"Na risasi ni mbili-nne-tatu?"

"Ndiyo, ila kichwa chake..."

"Zaituni, wewe unaweza kuuliza maji kama yamelowa. Zipokee, weka sahihi."

Nikaweka sahihi. Naliandika hili wazi kwa sababu wanaowasimulia habari zangu hawaifikii sehemu hii.

Wa kwanza kuzitumia alikuwa Mwalimu Mhembano wa Kongwa, mwalimu mkuu mstaafu. Alikuja kila mwaka kuwinda swala mmoja kwa kibali chake, mmoja tu, na kila mwaka alipiga risasi moja. Alikuwa na miaka zaidi ya sabini, mwembamba, na alishika bunduki ya stoo kama mtu anayeshika chaki. Nilipompa risasi tano aliangalia ile ncha yake ya plastiki.

"Mwaka huu zina kofia?"

"Ni aina mpya, Mwalimu." Niliacha hapo. Nilikuwa na maneno mengine mia mbili kichwani na sikutoa hata moja. Angalau nilimpigisha shabaha upya, zikatua vizuri, nikajituliza kwa hilo.

Saa moja asubuhi Mwalimu alimpiga dume la swala pala kwa umbali wa hatua tisini. Nilisikia mlio nikiwa stoo, kisha nikangoja ule wa gari kuja kuchukua kamba na mizani. Gari halikuja. Saa tano ikaja habari: mnyama alianguka, akainuka, akaondoka kwa miguu mitatu.

Aliyekuwa naye ni Hamisi, mfuata nyayo wetu, Msandawe wa Farkwa. Hamisi akikwambia nyayo ni za jana jioni, usimuulize saa ngapi, atakutajia. Walifuata damu mchana kutwa. Jua likazama. Mwalimu mwenyewe aliomba daftari, akaandika jina lake kwa mwandiko wa ubaoni, na kwenye sababu akaandika mwindaji. Kisha akakaa mezani akangoja mlenda wake. Siku ya pili ikawa vilevile. Meneja akamtania kidogo, kwa nia njema nadhani: "Mwalimu, macho hayo sasa ni ya kusomea magazeti tu." Watu wakacheka. Mwalimu naye akacheka, akamalizia bakuli.

Asubuhi ya tatu kibali chake kilikuwa kimekwisha. Alinirudishia bunduki ikiwa imefutwa vizuri kuliko nilivyompa.

"Mwakani msiniandike," akasema. "Risasi niliiweka pale begani, niliona kabisa nimeiweka pale. Sasa kama jicho linaona kitu ambacho hakipo, mtu anaacha. Sitaki kutesa mnyama mwingine."

"Mwalimu, labda..."

"Hakuna labda, binti yangu. Nimefundisha miaka thelathini na minane, namjua mtu anayetafuta kisingizio."

Akapanda gari. Mchana wa siku hiyohiyo Hamisi na askari wa wanyamapori wakamkuta yule dume kwenye mkondo mkavu, bado hai. Askari akammaliza. Hamisi akamchuna bega akaniita.

"Njoo uone, msomi."

Jeraha lilikuwa katikati ya bega, mahali ambapo mtu angechora kwenye kitabu. Lilikuwa pana kama kisahani cha chai, na kina chake vidole viwili. Mfupa ulivunjika kwa juu. Mbavu nyuma yake nzima, mapafu mazima. Hamisi alichokoa vipande vya shaba kwa ncha ya kisu akavitia kwenye kasha tupu la kiberiti.

"Mwalimu hakukosa," akasema. "Amesingiziwa na hiki." Akanipa kiberiti.

Sasa nilikuwa na jibu mkononi, linatoa sauti nikilitikisa. Mnadhani nilifanya nini? Niliandika ripoti ya kurasa sita. Ilikuwa na majedwali manne na kiambatisho. Bwana Kisanga aliisoma, au aliipekua, akasifu mpangilio. "Mnyama amepatikana, andika amepatikana. Sababu iache. Mwalimu hatakuja tena, ameshasema mwenyewe, kwa nini tumsumbue?" Nikakaa siku tisa nikijiuliza kama risasi kweli ndiyo yenye kosa, au labda Mwalimu alipiga kwa pembe, au labda yule dume alikuwa na mfupa mgumu kuliko kawaida. Mtu anayeogopa kusema "ni mimi" anaweza kuchunguza mifupa ya swala mpaka astaafu.

Siku ya mapumziko nikaenda Chamwino. Mzee Chilongani alikuwa amekaa nje ya nyumba yake na miwani myeusi, akichambua karanga. Nilimsimulia yote. Ilichukua muda, mnanijua.

"Umemaliza?" akauliza.

"Bado kuna suala la..."

"Umemaliza. Nenda mnadani, nunua bega la mbuzi lenye ngozi yake. Lining'inize. Nyuma yake weka gunia la magazeti yaliyolowa. Piga nyepesi moja. Halafu bega la pili, piga moja ya mia, mlibakiwa na chache. Kisha chukua kisu ukate. Usiandike kitu mpaka umekata."

"Na kama matokeo hayatakuwa wazi?"

Alivua miwani akanitazama kwa macho yake mapya. "Mwanangu, bega la mbuzi halina majedwali."

Nilifanya alivyosema, Hamisi akiwa shahidi. Ile nyepesi ilipasua ngozi na nyama, ikasagika juu ya mfupa, na kwenye magazeti hakukuwa na kitu isipokuwa mikwaruzo. Ile ya mia ilivunja mfupa, ikapita, nikaikuta ndani kabisa ya gunia imefunguka kama uyoga. Nilikata kwa kisu. Nilipima kwa kidole. Nilipeleka mabega jikoni yasipotee bure, Mama Pendo mpishi akalitazama lile la kwanza akalisukuma.

"Hili sipiki. Limejaa vyuma, na meno yangu ni yangu."

Hiyo ilikuwa Alhamisi. Jumamosi walikuwa wanakuja wawindaji watatu. Baada ya kupiga nazo shabaha upya, za mia zilikuwa zimebaki sita. Bwana Kisanga alinipa maelekezo wakati wa chakula cha mchana, mbele ya wote: niwagawie zile nyepesi, wawapige swala shingoni, mambo yaishe.

Jambo nililolifanya nitaeleza kama lilivyokuwa, kwa kuwa ndilo linaloitwa jeuri. Nilikwenda kuchukua Daftari la Majeruhi, nikaliweka mezani kati ya sahani. Sikufuta jina la Mwalimu, wala sikufuta neno lake. Daftari halifutwi. Chini yake nikaandika: Sababu iliyosahihishwa, risasi. Aliyeagiza, Zaituni, mtunza stoo, aliacha maelezo wazi. Nikaweka sahihi. Kisha nikaisogeza sahani yangu ya nyama katikati ya meza.

"Mama Pendo, mlenda upo?"

Mama Pendo alimtazama meneja, akanitazama mimi, akaenda jikoni. Akarudi na bakuli.

"Hii ni sinema gani?" Bwana Kisanga akauliza.

"Ni desturi ya kambi. Nimeandikwa."

"Umejiandika mwenyewe!"

"Mwalimu naye alijiandika mwenyewe. Hukusema ni sinema."

Hamisi akainamia chai yake. Mabega yalikuwa yanamtikisika.

"Sawa, kula," meneja akasema. "Jumamosi unagawa zile risasi."

"Hazitoki."

"Wewe ni nani wa kuzuia?"

"Mimi ndiye niliyeweka sahihi ya kuzipokea. Fomu ya kutoa nayo inataka sahihi ya mtunza stoo, na mimi siweki. Ukitaka funguo hizi hapa, toa wewe, weka sahihi yako wewe. Lakini uandike uzito. Usiache wazi."

Funguo zikakaa mezani karibu na daftari. Nilikodolea macho bakuli la mlenda ili nisimtazame meneja, na sitawaambia vinginevyo. Jeuri mnayosimuliwa ilikuwa imeinamisha kichwa hivyo. Bwana Kisanga alizitazama funguo. Hakuzichukua. Akasema tu niende nyumbani nikapumzike, na kwamba tutazungumzia mkataba. Hatukuuzungumzia. Jumamosi, Hamisi alinieleza baadaye, wawindaji walitoka na zile sita za mia, mbili mbili, wakarudi na swala watatu, na boksi za mbweha hazikuguswa.

Watu huniuliza kama najuta. Najuta wiki tatu za majedwali. Najuta siku tisa. Najuta maneno mia mbili niliyoyameza siku Mwalimu aliponiuliza kuhusu zile kofia. Mchana ule mezani siujutii hata kidogo, na aliyetaka niujutie asinisubiri. Ninyi mtakaoshika fomu ile, jazeni ile safu ya tatu kabla hata ya kuandika tarehe. Kama hamjui, andikeni hamjui. Msiache nafasi, kwa sababu kuna mtu mahali fulani ataijaza, na hatakuwa yeye atakayekula mlenda.

Siku iliyofuata mchana ule wa mlenda, gari la kambi lilinifikisha Dodoma. Nilipita Miyuji bila kushuka. Njia nzima hadi Kongwa nilijaribu sentensi za kuanzia, nikazikataa zote, na nilipofika mlangoni kwa Mwalimu Mhembano nilikuwa sina hata moja.

Alikuwa sebuleni na gazeti. Nikamwamkia. Nikaweka kiberiti mezani, nikakifungua.

"Hii ni risasi yako, Mwalimu. Ilitua begani, palepale uliposema. Haikuwa ya swala. Mimi ndiye niliyeiagiza vibaya, niliacha sehemu ya maelezo wazi. Na uliponiuliza, nilinyamaza."

Alivimwaga vile vipande kiganjani, akavisogeza kimoja kimoja kwa kidole.

"Kwenye mtihani," akasema, "mtoto akiacha nafasi wazi, nilikuwa nampa nini?"

"Sifuri, Mwalimu."

"Hata kama jibu analijua?"

"Hata kama analijua."

"Vizuri." Akavirudisha vipande ndani ya kiberiti, akakifunga, akakitia mfuko wa shati. Kisha akamwita mkewe jikoni, amletee mgeni chakula, na kama kuna nyama asiipakue.

Nikanawa mikono.